Kulabu Katikati ya Hewa: Siku Saba Kuwafuata Wachoraji wa Viwanda Vilivyokufa vya China

Siku ya kwanza, Jumamosi. Beijing

Ukumbi wa picha niliokusudia kuanza nao ulikuwa umefungwa kwa kuwa maonyesho yalikuwa yakibadilishwa, na kupitia mlango wa kioo niliona turubai zipatazo kumi zimeegemezwa, zote zikitazama ukuta kama watoto walioadhibiwa na mwalimu wa zamu. Mwenzangu wa safari alicheka, akasema kwamba angalau tumeiona migongo yake. Yeye ni mhitimu wa Kiswahili wa hapa Beijing, ambako lugha yetu inafundishwa tangu miaka ya 1960, na hata baada ya miezi mitano ya kufahamiana anaendelea kuniita Mwalimu. Nimezoea, kwa sababu ndiyo kazi yangu: ninafundisha sanaa katika shule ya sekondari Dar es Salaam, na niko China kwa masomo mafupi. Kilichonifanya nimwombe anisindikize ni katalogi niliyoikuta maktabani, iliyojaa picha za karakana zisizo na paa, dohani zisizo na moshi na vichwa vya treni vilivyosimama mahali ambapo reli imeng'olewa. Wachoraji wake wengi walizaliwa au walisoma Shenyang, mji wa kaskazini-mashariki ambako na yeye alizaliwa. Mimi naenda kutazama, yeye anarudi kwao.

Hata hivyo, siku haikupotea, kwa maana eneo lenyewe la 798, mtaa wa kumbi za sanaa tuliokuwapo, ni kiwanda cha zamani. Kilijengwa miaka ya 1950 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, kikaanza kutengeneza vipuri vya elektroniki mwaka 1957. Wasanifu waliotoka Dessau walikipa paa la meno ya msumeno, lenye madirisha yanayoelekea kaskazini ili mwanga uingie bila jua kali na fundi aliyeinamia meza asisumbuliwe na kivuli cha mkono wake mwenyewe. Mwanga wa namna hiyo ndio ambao kila mchoraji huutafuta, kwa hiyo haishangazi kwamba kazi za kiwanda zilipopungua na vyumba vikaanza kupangishwa kwa bei nafuu, wachongaji na wachoraji walihamia humu kuanzia miaka ya 1990. Kwenye matao ya dari bado yanasomeka maandishi mekundu ya enzi za Mapinduzi ya Utamaduni, yanayomtakia Mwenyekiti Mao maisha marefu. Chini yake leo niliwakuta bibi na bwana harusi wakipigwa picha, na mpiga picha akiwasihi wasogee kidogo ili herufi za juu ya vichwa vyao zionekane.

Kodi ya sasa si ile ya wakati ule. Uchakavu wa hapa umekwisha kuwa mali, nao hutunzwa kama mtu anavyotunza gari la kale analokodisha kwa maharusi. Silaumu. Lakini nilipokuwa nikinywa chai chini ya mabomba ya zamani, na mikono yangu ikiwa imekufa ganzi kwa sababu mitambo ya kupasha joto majumbani Beijing haifunguliwi kabla ya katikati ya Novemba, nilijiuliza swali ambalo naona nitatembea nalo wiki nzima: katika picha hizi za viwanda, mtu yuko wapi?

Siku ya pili, Jumapili. Shijingshan, magharibi mwa Beijing

Siku fupi. Tulikwenda Shougang, kiwanda cha chuma ambacho chimbuko lake ni mwaka 1919 na ambacho kwa miongo mingi kiliutia mji mkuu vumbi, hadi kikahamishiwa Caofeidian, pwani ya Hebei. Uzalishaji wa hapa ulikoma mwishoni mwa mwaka 2010. Watu wengi duniani wamekiona bila kujua, kwani mnara wa kurukia wa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 2022 ulisimamishwa kando ya minara yake minne ya kupozea maji, na watazamaji wa ng'ambo wakadhani kwamba wanamichezo wanaruka karibu na mtambo wa nyuklia. Tanuru namba 3 sasa ni jumba la maonyesho. Ni kazi nzuri ya usanifu, nami nilipiga picha nyingi, lakini sikutoa daftari langu la kuchorea hata mara moja. Kila pembe ilikuwa imekwisha kuchaguliwa na mtu mwingine kabla yangu.

Siku ya tatu, Jumatatu. Ndani ya treni

Majumba mengi ya makumbusho ya China hufungwa Jumatatu, basi tumeitumia siku hii kusafiri. Treni ya mwendo kasi kutoka kituo cha Chaoyang hufika Shenyang kwa chini ya saa tatu, umbali wa karibu kilomita 700, na safari nzima tulibishana juu ya neno moja.

Nilitaka kumweleza tofauti ya gofu na hame. Gofu ni jengo: kuta zimebaki, paa limeanguka. Hame ni mahali palipohamwa: huenda kuta ni nzima kabisa, lakini wenyeji wameondoka. Sisi watu wa pwani tunayo yote mawili, kwa sababu nyumba zetu za kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe ambayo hubaki yamesimama karne nyingi baada ya mwenye nyumba kufa, na washairi wetu wa zamani walijua kuyasimamisha mashahidi majumba ambamo popo wamerithi kumbi. Mwenzangu alifikiri, kisha akasema kwamba picha za kale za Kichina karibu hazina magofu. Majengo yalikuwa ya mbao. Yakiungua au yakioza hayaachi kitu cha kuchora. Mchoraji aliyetaka kuomboleza nyakati zilizopita alichora jiwe la kumbukumbu na mti uliozeeka. Alinionyesha kwenye simu picha maarufu ya hariri inayohifadhiwa Osaka, inayohusishwa na Li Cheng wa karne ya 10, ambapo msafiri aliyepanda nyumbu amesimama mbele ya jiwe kubwa la maandishi, katikati ya miti iliyokauka na kupindapinda. Msafiri anasoma, sisi watazamaji hatuoni hata herufi moja ya anachokisoma.

Ikiwa ni hivyo, wachoraji waliokuja kuchora viwanda vilivyokufa hawakuwa na mababu wengi wa kuwategemea katika jambo hili. Urithi waliokuwa nao ulikuwa wa upande mwingine kabisa: picha za miaka ya 1950 hadi 1970, ambamo kiwanda ni kipya, moshi ni habari njema, na mbele ya tanuru amesimama mfanyakazi mwenye uso unaong'aa kwa mwanga wa chuma kilichoyeyuka. Katika picha zile mtu ndiye jambo lenyewe, na kiwanda ni taa inayommulika. Kizazi kilichofuata kilisomeshwa kuchora hivyo, kwa rangi za mafuta na kwa mbinu zilizotoka Urusi ya Kisovieti, halafu kikatoka nje ya darasa na kukuta tanuru limezimwa.

Tumefika saa kumi na moja jioni, giza likiwa limeingia. Hapa mitambo ya joto hufunguliwa tarehe 1 Novemba, na chumba cha hoteli kina joto kama la Dar mwezi wa Februari.

Siku ya nne, Jumanne. Tiexi

Jina Tiexi maana yake ni magharibi mwa reli. Ni mtaa uliopangwa enzi za utawala wa Wajapani, viwanda vikiwekwa kaskazini na makazi kusini, na barabara iitwayo Jianshe, yaani Ujenzi, ikipita katikati. Majina ya mitaa yake mingi yanaishia kwa neno gong, lenye maana ya kazi au viwanda: Xinggong ni kustawisha viwanda, Baogong na Weigong ni kuvilinda, Qigong ni kuvianzisha, Zhonggong ni viwanda vizito. Tulishuka kwenye metro kituo cha Qigong na kutembea kati ya majengo ya ghorofa thelathini yaliyosimama mahali pa karakana ambazo majina hayo yaliziahidi ulinzi. Mbele ya majengo hayo, kando ya njia, wazee walikuwa wamepanga kabichi ndefu za Kichina ili zinyauke kabla ya kutiwa chumvi kwenye mitungi kwa ajili ya majira ya baridi.

Baada ya mwaka 1949 Tiexi ilikuwa moyo wa viwanda vizito vya taifa zima; hata nembo ya taifa ya metali ya kwanza iliyotundikwa kwenye lango la Tiananmen ilisubiwa hapa, mwaka 1951, katika kiwanda cha mashine. Ni Shenyang pia ambako, mwezi Agosti 1986, kiwanda cha umma kilitangazwa kufilisika kwa mara ya kwanza katika historia ya Jamhuri ya Watu wa China. Kilikuwa kiwanda kidogo, lakini kilifungua mlango. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 mashirika ya umma nchini kote yaliwaondoa makumi ya milioni ya wafanyakazi, na mitaa kama hii ndiyo iliyoumia zaidi. Neno lililotumika ni xiagang, ambalo kwa tafsiri ya karibu ni kushuka lindoni. Nilimwambia mwenzangu kwamba sisi miaka hiyohiyo tulisema kupunguzwa, na kwamba mjomba wangu alipunguzwa. Kuanzia mwaka 2002 viwanda vilivyobaki vilihamishiwa eneo jipya nje zaidi upande wa magharibi, na ardhi ya zamani ikauzwa kujengwa nyumba. Dohani tatu za kiwanda cha kuyeyushia madini, kila moja yenye urefu wa mita 100, ziliangushwa kwa baruti mwaka 2004.

Makumbusho ya Viwanda ya China yamo ndani ya kiwanda cha zamani cha kusubu chuma ambacho ukumbi wake mmoja umeachwa karibu kama ulivyokuwa. Humo nilitoa daftari. Kuna ndoo za kubebea chuma kilichoyeyuka, kila moja kubwa kuliko pipa la maji la shule, na ndani ya midomo yake umebaki ukoko wa chuma kilichoganda, umekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Nilichora ukoko huo kwa dakika arobaini. Nilijaribu penseli, nikashindwa, nikajaribu kidole changu na masizi ya penseli, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini Cui Guotai, mmoja wa wachoraji wa ile katalogi, huchora kama anavyochora.

Cui alizaliwa Shenyang mwaka 1964 na kusoma katika Chuo cha Sanaa cha Lu Xun, ambacho asili yake ni shule iliyoanzishwa Yan'an mwaka 1938 na ambacho sasa kiko katika mji huu, mtaa wa Sanhao. Picha zake ni kubwa mno, nyeusi, nyeupe na kijivu, zenye karakana, madaraja na vichwa vya treni za mvuke, na rangi humwagika kutoka kwenye mistari ya majengo na kutiririka hadi chini ya turubai, hata mtu akadhani kwamba jengo linayeyuka au linalia. Kwenye katalogi nilikuwa nimeuona mtiririko huo kama madoido. Mbele ya ndoo nikaona kwamba ni tabia ya kitu chenyewe: kila kilichomo humu kiliwahi kuwa majimaji.

Jioni tulikwenda kwa mchoraji mmoja anayefahamiana na mwenzangu, mtu wa miaka arobaini hivi, ambaye mchana hufundisha watoto kuchora matufaha na usiku huchora viwanda katika chumba cha juu cha bohari la zamani. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa Tiexi, jambo ambalo hapa si la ajabu. Turubai aliyokuwa akiishughulikia ina upana wa mita tatu: ukumbi wa kiwanda ukitazamwa kutoka mlangoni, kreni ya juu imetanda kutoka ukuta hadi ukuta, na kulabu yake inaning'inia katikati kabisa ya picha, futi chache kutoka sakafuni, juu ya nafasi tupu.

Niliomba anionyeshe mkono wake. Alikoroga rangi nyeusi ya akriliki kwa maji kwenye bakuli la tambi, ikawa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Akachovya brashi pana ya kupakia kuta, akaivuta kwa mkupuo mmoja kwenye ukingo wa boriti, kisha akarudi nyuma na kusubiri. Matone yalijikusanya chini ya mstari, yakasita, moja likaanza kushuka, likayavuta mengine. Alipoona limefika anapopataka, alilikausha kwa kikaushio cha nywele, na mengine akayaacha. Kutu aliitengeneza kwa kupaka hudhurungi, kuinyunyizia maji kwa kichupa cha kupigia pasi, na kuifuta kwa kitambaa kabla haijakauka, ili ibaki ndani ya nyuzi za turubai tu. Alisema kwamba rangi ya mafuta humpa muda mwingi wa kujuta, ilhali akriliki ikishakauka haifutiki.

Tulizungumza juu ya wenzake waliotangulia. Kwa maoni yake, Cui huchora kiwanda kama picha ya marehemu inayowekwa mezani siku ya msiba, ambayo kwa desturi ya hapa huwa nyeusi na nyeupe: uso mmoja, mbele kabisa, hakuna mwingine. Li Dafang, aliyezaliwa Shenyang mwaka 1971, huweka watu ndani ya viwanda vilivyoachwa, lakini watu hao wanafanya mambo ambayo mtazamaji hawezi kuyaeleza, kana kwamba tumeingia katikati ya hadithi. Jia Aili, mzaliwa wa Dandong wa mwaka 1979 ambaye pia ni zao la Chuo cha Lu Xun, aliwahi kuchora nyika zenye mabaki ya mitambo na mtu mmoja aliyevaa kinyago cha gesi. Yeye ni wa kizazi kilichokuta mambo yamekwisha, kikayachora kama ndoto. Nilimuuliza mwenyeji wetu kwa nini ya kwake haina mtu. Alijibu kwamba alimchora mtu mara mbili na mara mbili akamfuta, kwa sababu kila alipomweka, picha iligeuka kuwa ya kumhurumia mtu huyo, na baba yake hakupenda kuhurumiwa.

Siku ya tano, Jumatano. Fushun

Fushun ni mwendo wa saa moja hivi mashariki mwa Shenyang. Tulikwenda kwa ajili ya shimo. Mgodi wa Magharibi wa makaa ya mawe, ambao ulichimbwa wazi kwa zaidi ya karne moja na kusimamishwa mwaka 2019, una urefu wa kilomita 6.6, upana wa kilomita 2.2 na kina kinachozidi mita 400. Nimeandika tarakimu kwa sababu macho hayasaidii. Ukisimama kwenye jukwaa la kutazamia unaona ngazi za ardhi zikishuka hadi kwenye ukungu, na baada ya muda ndipo unapotambua kwamba ule uzi mwembamba ulio chini ni barabara ya malori.

Mwaka 1961 wachoraji wawili wakubwa wa wino, Fu Baoshi na Guan Shanyue, walitumwa kuzunguka kaskazini-mashariki kwa miezi kadhaa, na walifika hapa. Walikuwa watu wa milima, maporomoko na mawingu, wakatakiwa wachore ujamaa. Fu alilichora shimo hili, na nadhani alifanya jambo la busara ambalo halisifiwi vya kutosha: aliliona kama mandhari. Ngazi za makaa akazichora kama tabaka za mlima uliopinduliwa, na moshi wa treni akauacha uelee kama ukungu unavyoelea katika picha za kale. Watu na mashine wamo, lakini wadogo kama mchwa, kama wavuvi na watawa walivyokuwa wadogo katika mandhari za zamani. Kwa hiyo swali langu la mtu yuko wapi lina jibu jingine la Kichina, la kale kuliko viwanda: mtu yupo, ila ni mdogo, na hakuna ubaya katika udogo wake.

Tatizo ni kwamba mlima hauhitaji kupewa mshahara. Leo kingo za shimo zinaporomoka, nyumba zilizokuwa karibu zimehamishwa, na nyuma ya jukwaa zimepangwa mashine za uchimbaji na vichwa vya treni vilivyopakwa rangi upya, watoto wakivipanda. Nilijaribu kulichora shimo kwa wino, kwa heshima ya Fu. Upepo uligandisha maji ya wino kwenye kisahani kabla sijamaliza upande wa kushoto, na mwenzangu akaamua kwa niaba yetu sote kwamba tunaondoka.

Siku ya sita, Alhamisi. Tiexi tena

Leo tumekula kwa babu yake mwenzangu. Anaishi peke yake, si mbali na Kijiji cha Wafanyakazi, yale majengo ya matofali mekundu ya mwaka 1952 ambayo wakati ule kila familia ya Shenyang iliyatamani. Nilimwamkia kwa neno nililofundishwa njiani, shifu, ambalo wafanyakazi humwita fundi aliyewatangulia. Alifurahi, akaniambia kupitia mjukuu wake kwamba kwa miaka ishirini sasa anayemwita hivyo ni dereva wa teksi peke yake, naye humwita kila mtu.

Alikuwa fundi wa kusubu chuma kwa miaka ishirini na minane. Chakula kilikuwa jijia, kiunzi cha kuku kilichokwisha kutolewa minofu, kikachomwa na kupakwa bizari na pilipili. Mtaa huu ulikipenda wakati watu wengi waliposhuka lindoni, kwa kuwa kilikuwa nyama ya bei ambayo mtu asiye na mshahara angeweza kuimudu, na sasa kinasifiwa kama chakula cha asili cha mji. Nilimweleza juu ya miguu na shingo za kuku zinazouzwa jioni kandokando ya barabara Dar es Salaam. Aliuliza bei yake. Nilimweleza pia kwamba nilikua nikisikia king'ora cha kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Aliuliza kama kililia mara tatu au mara mbili kwa zamu.

Nilikuwa nimepiga picha za turubai ya juzi, na kwa ruhusa ya mwenyewe nilimwonyesha. Nilitegemea huzuni, au labda hasira, au ule ukimya ambao sisi waandishi tunaupenda kwa sababu tunaweza kuujaza. Alivaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili, na kuanza kuikagua kama mtu anayepokea kazi kutoka kwa zamu iliyopita. Alihesabu madirisha. Akasema kwamba ukumbi huu si wa kusubu, bali wa kuunganisha mashine, kwa sababu sakafu haina mashimo ya mchanga. Kisha akaweka ukucha wake juu ya kulabu.

Kulabu ya kreni, alisema, haiachwi hapo. Zamu ikiisha hupandishwa hadi juu na kreni hurudishwa mwisho wa reli yake, kwa sababu kulabu iliyo usawa wa kichwa humuua mtu atakayeingia gizani. Ikikutwa ikining'inia katikati, ama mashine imeharibika, ama umeme umekatika, ama mtu aliyekuwa akiiendesha ameitwa ghafla na hakurudi. Aliuliza ni lipi kati ya hayo mchoraji alilikusudia. Mjukuu wake alisema kwamba huenda hakukusudia lolote, kwamba ni suala la mpangilio wa picha. Babu alimtazama kwa subira nyingi. Siku ya mwisho ya kazi katika ukumbi wao, alisema, walijua wazi kwamba hakuna zamu nyingine itakayokuja, na bado waliipandisha kulabu, wakafagia mchanga, wakazima taa kuanzia upande wa ndani kuja mlangoni.

Nimeyaandika hayo usiku huu hotelini bila kupunguza. Siku tano nimekuwa nikiuliza mtu yuko wapi katika picha hizi, nikimtafuta kwa umbo lake, na mzee amempata kwa mahali kulabu ilipo.

Siku ya saba, Ijumaa. Kurudi Beijing

Nimeichagua reli ya zamani kidogo, inayopita Jinzhou, ingawa inachukua muda mrefu zaidi, kwa sababu inapita karibu na Jincheng, mji mdogo wa kiwanda cha karatasi ambako Liu Xiaodong alizaliwa mwaka 1963. Upande wa kusini wa reli, kwenye delta ya mto Liao, kuna mojawapo ya maeneo makubwa ya matete duniani. Dirishani niliona mashamba ya mahindi yaliyovunwa tu.

Liu aliondoka Jincheng mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka 17, kwenda kusomea uchoraji Beijing. Mwaka 2010 alirudi na kuwachora rafiki zake wa utotoni, ambao wengi walibaki katika mji wa kiwanda na kuzeeka nacho. Akawachora majumbani mwao, kwenye ukumbi wa karaoke, kwenye chumba cha biliadi, kwa rangi za mafuta na papo hapo, wao wakiwa mbele yake. Mmoja amechorwa kama mtu ambaye zamu za usiku zimemharibia usingizi hata mchana hauji, na jina la picha linasema hivyo waziwazi. Kiwanda chenyewe mara nyingi hakionekani. Kimo ndani ya kope za yule asiyepata usingizi. Kwangu mimi Liu ndiye aliyekwenda mbali zaidi kuliko wote niliowafuata wiki hii, kwa sababu hakuhitaji kutu. Maonyesho ya picha hizo yalifanyika mwishoni mwa mwaka huohuo ndani ya 798, na leo nashindwa kuacha kufikiri juu ya kundi lile la watu wa kiwanda cha karatasi wakining'inia ukutani katika kiwanda cha elektroniki, chini ya mwanga uliopangwa kwa ajili ya mafundi.

Tulipokuwa tukikaribia Beijing, mwenzangu alipokea picha kutoka kwa mchoraji wa bohari. Jana usiku alikuwa amemwandikia yale ya babu. Kulabu sasa iko juu, imegusa boriti, na kreni imesogezwa hadi mwisho wa reli. Lakini akriliki haifutiki: mahali ilipokuwa amepaka kijivu cha ukuta, na chini ya kijivu hicho kulabu ya kwanza inaonekana hafifu, pamoja na mtiririko wake mweusi unaoendelea kushuka hadi sakafuni bila kutoka popote. Ameuliza kama imekuwa sawa.

Mwenzangu akaituma kwa babu. Jibu limekuja kwa ujumbe wa sauti, treni ikiwa imekwisha kupunguza mwendo, na amenitafsiria huku akifunga koti lake: kulabu ni sawa, lakini ngazi ya mwendesha kreni imewekwa upande usio wake.